Upweke, Ukiwa na Kuuguliwa: Maneno ya Mgonjwa Asiye na Mtu katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Neno "upweke" limekuwa istilahi ya uuguzi pasipo kuhojiwa. Vyuo vya uuguzi vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na mwuguzi hujifunza jambo hili kwanza kwa lugha hiyo. Akifika wodini Lindi au Kilwa Kivinje, hulazimika kulitafutia neno la kumwambia mgonjwa ambaye Kiingereza hakijui. Kamusi humpa "upweke", naye huridhika. Tangu mwaka wa 1994 orodha ya utambuzi wa kiuguzi iliyoasisiwa Marekani na chama cha NANDA imekuwa na kifungu ambacho kwa Kiswahili huweza kuitwa "hatari ya upweke". Mwezi wa Juni 2025 Tume ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani husumbuliwa na hali hiyo, na kwamba katika nchi zenye kipato cha chini hesabu yafikia kama asilimia 24, ilhali katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Hizi ni hesabu nzito, nazo zapingana na dhana ya watu wengi kwamba Waafrika, kwa kuwa huishi na jamaa zao, hawaijui dhiki hii. Walakini hesabu ya namna hii hutanguliwa na swali, na swali haliulizwi bila neno. Mzee wa Kilwa akiulizwa kama yu mpweke, ameulizwa nini hasa?

"Upweke" latokana na mzizi -pweke, ambao ni ndugu wa "peke" katika "peke yake" na "pekee". Maana yake ya kwanza ni ya hesabu: kuwa mmoja, bila wa pili. Neno lenyewe halina uchungu wala utamu. Mvuvi aliye peke yake mtumbwini kati ya Kisiwani na Songo Mnara hana la kusikitikiwa; huenda ndiyo saa yake ya raha. Tena, katika pwani ya Waislamu, neno hili lina daraja ambayo watungaji wa istilahi za afya hawakuitazama. Kumpwekesha Mungu ndio msingi wa imani, na upweke Wake ni miongoni mwa mambo ya mwanzo afundishwayo mtoto chuoni. Mzee aliyelisikia neno hilo kwa miaka sitini likinenwa na walimu wake wa dini hana sababu ya kulipokea wodini kama jina la ugonjwa.

Haisemwi hapa kwamba Kiswahili cha leo hakitumii "upweke" kwa huzuni. Magazeti, redio na riwaya hulitumia hivyo, na kamusi zimekwisha kuikubali maana hiyo. Taabu ya wodini si kwamba mgonjwa halielewi neno. Taabu ni kwamba hulielewa kwa maana yake ya kwanza na kulijibu kwa ukweli. Wodi imejaa, vitanda vimekaribiana, chini ya kitanda mpwawe amelala juu ya mkeka, asubuhi jirani wa kitanda cha pili amemgawia uji. Mpweke? La, si mpweke. Jibu huandikwa, kifungu hufungwa, na mwuguzi huenda kwa mgonjwa mwingine akiwa amejibiwa sawasawa swali ambalo hakukusudia kuliuliza.

Neno la pili ni "ukiwa", nalo ndilo lililoachwa nje ya daftari. Kamusi huliweka karibu na "upweke", na baadhi ya watu huyatumia kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. "Ukiwa" husemwa kwa mahali na kwa mtu. Kwa mahali, ni hali ya pale palipohamwa: nyumba iliyoachwa, mji uliokimbiwa. Kwa mtu, ni hali ya aliyefiwa au aliyeachwa, na "mkiwa" ni huyo mwenyewe; Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 imelitumia neno hilo kwa miji iliyoachwa na watu wake. Yafaa kuangalia ni mahali gani pasipoweza kuitwa ukiwa. Pori si ukiwa. Mikoko ya Kilwa si ukiwa, ingawa hapakai mtu. Lakini mabaki ya jumba la Husuni Kubwa, na nyumba za mawe za Songo Mnara, hayo yana ukiwa, kwa sababu watu walikuwapo. Mji ule aliofika Ibn Battuta mwaka wa 1331, na ambao Wareno waliushambulia mwaka wa 1505, hauitwi mpweke na mtu yeyote mwenye sikio la lugha. Ukiwa, basi, lazima uwe na kabla. Mtu hawezi kuwa mkiwa ila amekuwa na watu, au amestahili kuwa nao.

Tofauti hii si hila ya wanafunzi wa lugha. Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hiyo ya kusini, ameionyesha katika tamthilia yake ya Kinjeketile iliyochapishwa mwaka wa 1969, pasipo kutaja mojawapo ya maneno haya kama somo. Kinjeketile aingia majini peke yake, na watu wanangoja. Hapo yu mpweke, lakini si mkiwa, maana macho ya wote yako juu ya maji. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, Kitunda yuko karibu naye na kumsihi aseme kwamba maji yalikuwa uwongo. Hapo hayuko peke yake, wala hana mtu. Neno alilolizaa limemwacha nyuma, na aliye karibu naye zaidi hamfahamu. Wahakiki wamezoea kuisoma sehemu hiyo kwa upande wa siasa, na hawakukosea. Ila msomaji aliyewahi kukaa kitandani mwa hospitali miongoni mwa wanaomtakia mema ataisoma kwa upande mwingine pia.

Hata hivyo, kubadilisha "upweke" kwa "ukiwa" katika fomu hakutoshi, na pengine kutaleta madhara. "Mkiwa" katika matumizi ya watu ni pia fukara, mtu asiye na mbele wala nyuma. Kumwuliza mama mtu mzima, "Je, wewe ni mkiwa?" ni kumvunjia heshima mbele ya wodi nzima. Uungwana wa pwani ni kusitiri. Mgonjwa huamkiwa "Hujambo?" naye, hata akiwa hawezi kuinua kichwa, hujibu "Sijambo, namshukuru Mungu", na baadaye tu, sauti ikiwa imeshuka, huongeza "ila usiku sikulala". Dhiki yake haimo katika jina analojiita, bali katika vitenzi anavyovitumia kusimulia ugonjwa wake. Huko ndiko mwuguzi apaswako kusikiliza.

Kitenzi "kuugua" kina uzao ambao lugha nyingi haziwezi kuutafsiri kwa neno moja moja. Anayeugua ni mgonjwa. Kutoka hapo kauli ya kutendesha hutoa "kuuguza", ambayo kwa umbo lake ingepasa kuwa kumfanya mtu augue. Lakini maana yake ni kinyume: kumhudumia anayeugua, kuwa naye katika kuugua kwake mpaka apone au afe. Kutoka kauli ya kutendea pamoja na kutendwa hutoka "kuuguliwa". Husemwa, "Bwana fulani ameuguliwa na mkewe." Anayeumwa ni mke; lakini kiima cha sentensi, mtu ambaye jambo limempata, ni mume. Ni mfano ule ule wa "kufiwa": afaye ni mmoja, na afiwaye ni mwingine, na lugha yawahesabu wote wawili kuwa wamepatwa. Kwa sababu hiyo pole hutolewa kotekote. Mgonjwa huambiwa "Ugua pole". Walio naye huambiwa "Poleni na kuuguza". Mwenye nyumba akikutwa njiani huambiwa "Pole na mgonjwa", na huitikia kwa niaba yake mwenyewe.

Sarufi hii yatoa nafasi tatu: ya anayeugua, ya anayeuguza na ya anayeuguliwa. Ugonjwa uliotimia kijamii una watu katika nafasi zote tatu. Nafasi ya pili na ya tatu huweza kushikwa na mtu mmoja, kama mama kwa mwanawe. Lakini si lazima. Hospitali ya kisasa imekuja kuichukua nafasi ya pili, na jina la kazi limeitangaza haki hiyo: mwuguzi ni mtu wa kuuguza. (Jamaa alalaye chini ya kitanda, apikaye na kufua, huitwa mwuguzaji. Mwenye elimu akapewa kiambishi -i, na asiye na mshahara akapewa -aji, kiambishi cha mtu afanyaye jambo kwa mazoea. Lugha wakati mwingine ina kejeli isiyokusudiwa na mtu.) Lakini hakuna hospitali iwezayo kuichukua nafasi ya tatu. Mwuguzi huuguza wagonjwa thelathini kwa zamu moja, wala hakuna hata mmoja aliyemuugulia kwa maana ile ya sarufi. Hawezi kuuguliwa nao, wala haifai adaiwe hivyo.

Hapo ndipo penye maana inayotafutwa. Mkiwa wa wodini ni yule anayeugua pasipo mtu wa kuuguliwa naye. Anaweza kuwa amezungukwa na watu. Anaweza kuwa anauguzwa vizuri sana, dawa kwa saa na shuka safi. Anaweza hata kuwa na wana wanne, mmoja Dar es Salaam, mmoja Maskati, wanaotuma fedha kwa simu kila wiki bila kukosa. Wenyeji humsema kwa maneno mawili: "hana mtu". Pengine huuliza, "Mgonjwa huyu ana wenyewe?" Neno "wenyewe" hapa ni zito kuliko "jamaa". Wenyewe ni wale ambao jambo ni lao: ugonjwa ni wao, deni ni lao, na ikibidi maiti ni yao. Mtu huweza kuwa na jamaa wengi asiwe na wenyewe. (Mwuguzi kijana aangalie, hata hivyo, asimwulize binti wa miaka ishirini kama "ana mtu", maana swali hilo kwa rika lake ni la uchumba.)

Ushahidi wa zamani wa nafasi hizi si haba. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake maarufu mwaka wa 1858 akiwa mgonjwa, na umbo zima la utenzi huo lategemea binti aliyeitwa karibu ili asikie. Watu wameusoma kama mafundisho ya mke kwa mume, na mabishano ya miaka ya karibuni yamekuwa juu ya hilo tu. Lakini ni utenzi wa mtu aumwaye, na maneno yake yana mahali pa kwenda kwa sababu kuna aliyeuguliwa. Ondoa binti, na hakuna utenzi. Kadhalika Desturi za Wasuaheli, zilizochapishwa na Carl Velten mwaka wa 1903 kwa kalamu hasa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, zaonyesha magonjwa na matibabu ya Mrima kuwa shughuli za nyumba na mtaa, zenye ngoma, gharama na watu wa kualikwa. Katika uganga huo mgonjwa aliitwa "mteja", yaani mtu aliye chini ya mganga na aliyefungamana naye. Neno hilo sasa limerudi hospitalini kwa mlango wa biashara, katika mabango ya huduma kwa wateja. Limerudi likiwa jepesi: mteja wa leo hulipa na kuondoka.

Kwa kipimo hiki yafaa kuirudia kazi ya Hildegard Peplau, mwuguzi wa Marekani ambaye makala yake ya mwaka 1955 katika jarida la wauguzi wa nchi hiyo ndiyo iliyoliingiza jambo hili katika fikra za uuguzi. Peplau alitofautisha hali tatu: kuwa bila mwenzi, kuwatamani wenzi huku mtu akijua kwamba anawatamani, na ile ya tatu, iliyo mbaya, ambayo mwenyewe haitambui na haiwezi kuitaja, ila huonekana kwa mwenendo wake. Katika hili la mwisho aliona mbali, nalo lakubaliana na mgonjwa wa Kilwa ajibuye "sijambo". Mwenye dhiki hii asiulizwe jina lake. Lakini Peplau, akifuata elimu ya nafsi ya wakati wake, aliutafuta mzizi ndani ya mtu mmoja, katika malezi ya utoto wake, na dawa yake akaiona katika uhusiano wa mwuguzi mmoja na mgonjwa mmoja. Vipimo vilivyofuata, kama kile cha sentensi 20 kilichoanzia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka wa 1978, vimebaki katika njia hiyo: humwuliza mtu jinsi anavyojiona. Sarufi ya "kuuguliwa" yasema jambo jingine. Yasema kwamba upungufu huu una mahali nje ya mgonjwa, mahali pa mtu mwingine ambaye hayupo, na kwamba mahali hapo paweza kuchunguzwa bila kumgusa mgonjwa nafsini mwake. Si "Unajihisije?" bali "Shikamoo, bibi. Nani anakuuguza?" Na akijibu "Mjukuu wangu, ametoka kuchota maji", mwuguzi amejua jambo. Akijibu "Mnaniuguza ninyi, wanangu", amejua jambo kubwa zaidi, na jibu hilo la adabu lisichukuliwe kuwa sifa.

Waweza kuzuka ubishi kwamba haya ni kuipamba jamaa ya pwani, ambayo nayo ina dhuluma zake. Ubishi huo una haki. Mwuguzaji aliyekaa mwezi mzima Sokoine, hospitali ya mkoa wa Lindi, na shamba lake la muhogo likiliwa na nguruwe, ameuguliwa na mgonjwa, lakini hakuna wa kumwangalia yeye. Wala barabara haimjui. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka wa 2003, Rufiji uliivusha pwani ya kusini kwa kivuko, au haukuivusha. Na mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ilikatika Kilwa. Njia ikikatika, mgonjwa aliyepelekwa Muhimbili huwa upande mmoja na wenyewe upande wa pili. Ukiwa wa namna hii hautokani na moyo mgumu wa mtu yeyote, na hakuna ushauri nasaha unaouponya.

Pana neno la nne, nalo ndilo la hatari kupita yote kwa sababu hutamkwa na hospitali yenyewe: "kutengwa". Katika Kiswahili cha tiba, kumtenga mgonjwa ni kumweka mbali ili ugonjwa usienee. Katika Kiswahili cha vijijini, kutengwa ni adhabu. Aliyetengwa haingiliwi nyumbani, hapewi moto, na msiba wake hauhudhuriwi. Mwezi wa Julai 2022 wilaya ya Ruangwa katika mkoa wa Lindi ilikumbwa na ugonjwa usiojulikana, wenye homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Watu 20 waliugua na 3 wakafa. Kabla ya chanzo kujulikana, baadhi ya wagonjwa walitengwa, na kitabibu ndivyo ilivyopasa. Lakini neno lililofika kijijini kabla ya majibu ya maabara lilikuwa neno la adhabu. Tarehe 18 Julai Wizara ilitangaza kwamba ni leptospirosisi, ikauita ugonjwa huo "homa ya mgunda". Mgunda ni shamba katika lugha za kusini. Kwa neno hilo moja ugonjwa ulitolewa kwa watu ukarudishwa kwenye udongo, na aliyetengwa akapata tena kuwa mtu aliyelima. Ni nadra kuona istilahi ya serikali ikifanya kazi njema kiasi hicho, nayo yastahili kusifiwa.

Wizara haikuwa na neno la kufanana nalo kwa ajili ya kule kutenga, ingawa lugha inayo maneno yake. Watu wa pwani ya Kilwa na Lindi wanajua kuwekwa ndani. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mzazi hukaa siku arobaini. Mwali wa unyago huwekwa ndani, na wavulana wa jando hukaa kumbini. Wote hao wametenganishwa na watu kwa ukali kuliko wodi nyingi, na hakuna anayewaita waliotengwa, sembuse wakiwa. Sababu zaonekana wazi. Kwanza, muda wake una hesabu inayojulikana tangu siku ya kwanza, na watu wa nje wanaihesabu pamoja na aliye ndani. Pili, kuna mtu mmoja aliyetajwa kwa jina la kazi hiyo, kungwi au somo, ambaye huingia na kutoka na kuchukua habari pande zote mbili. Tatu, kutoka kwake kuna sherehe. Chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu au wa homa isiyojulikana aghalabu hukosa yote matatu: mgonjwa haambiwi siku, aingiaye ni kila mara mtu mwingine aliyefunika uso, na akipona hutolewa kwa karatasi. Kama neno lingekuwa "kuwekwa ndani", na kama pamoja na neno hilo ingefuata hesabu ya siku na mtu mmoja wa kuleta habari, ukali wa kinga usingepungua hata kidogo.

Yaliyowapata wenye ukoma yaonyesha mwisho wa njia ya kutenga bila hesabu. Katika kijiji cha Kindwitwi, Rufiji, kaskazini tu ya Kilwa, padri Mwingereza Robin Lamburn aliishi na wenye ugonjwa huo hadi alipofariki mwaka wa 1993. Tiba ya dawa mseto ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1981, na ukoma ukawa ugonjwa wa kupona. Wakazi wa kijiji kama hicho hawakuwa wapweke. Walikuwa wengi, wenye majirani na watoto. Dawa huua vijidudu. Haimrudishi mtu kwa wenyewe ambao walikwisha kumhesabu kuwa ametoka.

Limebaki neno "ugeni", na hili ni la mwuguzi zaidi kuliko la mgonjwa. Binti aliyezaliwa Bukoba au Moshi, akapangiwa zahanati ya bara ya Kilwa au Liwale, hufika mahali ambapo Kiswahili chake kinaeleweka lakini masikio yake hayajaandaliwa. Wagonjwa huzungumza wao kwa wao Kimatumbi, Kingindo au Kimwera. Yeye hasikii maneno yana nini ndani. Hospitali ya wilaya ya Kilwa huitwa Kinyonga; kwa mgeni hilo ni jina la mnyama abadilishaye rangi. Kwa mwenyeji wa Kivinje, Mwembe Kinyonga ni mahali pa kitanzi, alipouawa Hassan bin Omari Makunganya mwaka wa 1895. Mwuguzi asiyejua haya hana kosa, ila usiku, akiwa peke yake zamuni na mama mwenye uchungu wa uzazi na simu isiyoshika mtandao, ugeni wake huwa ni jambo la tiba.

Methali yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni ajabu jinsi inavyofaa kuandikwa juu ya mlango wa kila zahanati, na ni ajabu vilevile jinsi inavyonyamaza juu ya upande wa pili: ni nani wa kumponya mgeni? Vitabu vya uuguzi vinapotaja upweke humtazama mgonjwa, na mwuguzi huwa chombo cha kuuondoa. Lakini akiugua malaria katika nyumba ya serikali iliyo nyuma ya zahanati, mwuguzi huyo huwa katika hali ile ile iliyoelezwa juu: aweza kuuguzwa na mhudumu mwenzake, wala hapo kijijini hakuna aliyeuguliwa. Wanawake wa baadhi ya vijiji huliona hilo haraka kuliko wakuu wa idara. Humletea samaki na ndizi, humwita "mwanangu", na baada ya msimu mmoja huanza kumpa pole akifiwa kwao Kagera, wakachanga na nauli. Kwa maneno ya sarufi, wamekubali kupatwa na mambo yake. Mwuguzi wa namna hiyo hakimbilii kuomba uhamisho mwaka wa kwanza, na sababu yake si mshahara.

Fomu ya kulazwa ina mstari wa jamaa wa karibu, jina na namba ya simu. Mstari huo uliwekwa kwa ajili ya kuarifu na kudai, nao hujazwa kwa haraka wakati mgonjwa anateremshwa kwenye pikipiki. Si ajabu namba iliyoandikwa ikawa ya mwenye pikipiki, au ya mwenyekiti wa kitongoji aliyechangisha nauli. Kesho yake mganga akiuliza, huambiwa kwamba mgonjwa anaye mtu, na namba ipo. Hapo fomu haina mahali pa kuandika kwamba mwenye namba hiyo hakuuguliwa.